Tairi Lililoamriwa Lichoke

Juni 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lao, Éclair, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, safari ya karibu kilomita 1,200. Wakati huo magari yalitumia matairi magumu yasiyo na upepo ndani; ya akina Michelin yalijazwa upepo. Pancha zikawaandama njia nzima. Émile Levassor, aliyetumia matairi magumu, alimaliza kwa chini ya saa 49, na wao wakafika baada ya muda uliowekwa kupita. Hata hivyo walifika, na kwa kampuni iliyotaka kuuza matairi hilo lilitosha kuwa tangazo.

Mpira wenyewe ulikuwa na gharama ambayo watazamaji wa Paris hawakuiona. Tangu Dunlop alipobuni tairi la upepo la baiskeli mwaka 1888, Ulaya ilikuwa na kiu ya mpira. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wanavijiji walilazimishwa kuingia msituni kugema mpira wa mwitu, na wengi ambao hawakutimiza kiasi walichopangiwa waliuawa au kukatwa mikono. Historia za mashindano ya magari huipita habari hii kimya. Sioni jinsi ya kuiruka.

Mashindano ya dunia ya langalanga, Formula 1, yalipoanza mwaka 1950, matairi yalikuwa membamba na yenye mifereji, na sifa iliyotafutwa ilikuwa uimara. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Dunlop ilitawala karibu peke yake. Kisha Wamarekani wakaingia: Goodyear ilipata ushindi wake wa kwanza Mexico mwaka 1965, Richie Ginther akiendesha Honda, na Firestone nayo ikawa mpinzani mkali. Ushindani huo ukafanya matairi yazidi kuwa mapana na laini, hadi Firestone ilipoleta tairi kipara kwenye mashindano ya Hispania mwaka 1971, huko Montjuïc, Barcelona.

Kipara ambacho kwetu trafiki angekusimamishia na kukuandikia faini ndicho silaha huko. Mifereji ina kazi moja tu, kuondoa maji. Barabara ikiwa kavu, kila mfereji ni nafasi ambayo mpira haugusi lami. Ondoa mifereji na gari linashika barabara zaidi. Lakini mpira huo hauamki ukiwa baridi; hufanya kazi vizuri ukikaribia nyuzi joto 100, ndiyo maana magurudumu huvikwa blanketi za umeme kabla ya kufungwa. Ukiwa laini hupata moto upesi, hunata na kuisha. Ukiwa mgumu huchelewa kushika, ila hudumu. Miaka ya 1980 walifikia hatua ya kutengeneza matairi ya kutafutia nafasi ya kuanzia tu: mzunguko mmoja wa nguvu, kisha yanatupwa.

Michelin waliingia mwaka 1977 pamoja na Renault, wakiwa na tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kupishana kimshazari. Mwaka 1979 Jody Scheckter alitwaa ubingwa kwa matairi hayo, na Goodyear haikuwa na budi kufuata.

Siku ambayo tairi lilionyesha waziwazi nani bosi ni Oktoba 26, 1986, mjini Adelaide, Australia. Nigel Mansell alihitaji nafasi ya tatu tu awe bingwa. Katikati ya mbio mpinzani wake Alain Prost alipata pancha na kuingia piti, mahali pa kubadilishia matairi. Mafundi wa Goodyear walilichunguza tairi lake lililotolewa, wakaona mpira uliobaki unatosha, wakaziarifu timu kuwa mtu anaweza kumaliza bila kubadilisha. Halafu Keke Rosberg, aliyekuwa akiongoza, akasimama kwa sababu ya tairi. Muda mfupi baadaye tairi la nyuma kushoto la Mansell likapasuka akiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 290 kwa saa, cheche zikitoka chini ya gari huku akipigana na usukani. Timu yake, Williams, ikaogopa na kumwita Nelson Piquet abadilishe. Prost, ambaye pancha yake ilikuwa imempa matairi mapya mapema, akashinda mbio na ubingwa, pointi 72 kwa 70.

Wenye mamlaka nao walianza kulitumia tairi kama breki. Mwaka 1998 walilazimisha mifereji irudi, mitatu mbele na minne nyuma, ili kupunguza kasi kwenye kona. Yalikuwa matairi yasiyopendeza kuyaona wala kuyaendesha, na vipara vikarejea mwaka 2009.

Katikati ya kipindi hicho kukatokea fedheha ya Indianapolis. Kanuni za 2005 zilikataza kubadilisha matairi wakati wa mbio. Ijumaa Ralf Schumacher alipata ajali kwenye kona ya 13, yenye mteremko wa pembeni, na Michelin wakakiri kuwa matairi yao hayangeihimili kona hiyo kwa kasi kamili. Wakaomba kona ipunguzwe kasi, wakakataliwa. Jumapili, Juni 19, magari yote 20 yalizunguka mara moja kujipanga, kisha 14 yenye Michelin yakaingia piti na kubaki huko. Sita yenye Bridgestone yakakimbia mbele ya umati uliokuwa ukizomea. Michael Schumacher alishinda. Michelin waliondoka mwisho wa 2006, na tangu 2007 msambazaji amekuwa mmoja.

Msambazaji akiwa peke yake hana wa kumshinda, basi akapewa kazi nyingine. Mwaka 2010, huko Montreal, matairi ya Bridgestone yaliisha haraka kuliko ilivyotarajiwa na mbio zikanoga. Pirelli walipochukua nafasi mwaka 2011 waliombwa waufanye uchovu huo kuwa wa makusudi. Tairi lililotakiwa kudumu sasa likaagizwa lichoke, nami sijawahi kulizoea wazo hilo. Silverstone mwaka 2013 matairi ya nyuma yalipasuka kwa madereva kadhaa, Lewis Hamilton na Felipe Massa wakiwemo, na muundo ukabadilishwa.

Siku hizi rangi nyeupe ni ngumu, njano ya kati, nyekundu laini. Kijani na bluu ni za mvua. Rangi hulinganisha matairi matatu ya wikiendi hiyo tu: mchanganyiko uitwao C3 unaweza kuwa mweupe mahali pamoja na mwekundu kwingine. Mbio zikiwa kavu, kila dereva lazima atumie angalau aina mbili. Monaco, ambako matairi hayachoki na kupitana ni shida, mwaka 2025 waliamuru seti tatu kwa kila gari ili kuleta msisimko. Timu za Racing Bulls na Williams zikatumia dereva mmoja kuwachelewesha walio nyuma ili mwenzake apate nafasi ya kuingia piti, na Lando Norris, aliyeanza wa kwanza, akamaliza wa kwanza.