Skafu ya Alpaka: Sufu ya Andes, Sindano za Wageni

Kiswahili kina neno moja, kufuma, kwa kazi mbili: ya mfumi anayepitisha mshindio kwenye mtande mbele ya kitanda chake cha kufumia, na ya mama aliyekaa barazani na sindano mbili akimtengenezea mtoto sweta. Kwa kawaida hakuna anayechanganyikiwa. Lakini anayetaka kujua skafu ya alpaka imetoka wapi hana budi kuzitenganisha kazi hizo, maana kwenye milima ya Andes, huko Amerika Kusini, ya kwanza iliitangulia ya pili kwa maelfu ya miaka.

Alpaka ni jamaa wa ngamia, asiye na nundu, mdogo wa umbo na mrefu wa shingo. Makao yake ni nyanda za juu za Peru, Bolivia na nchi jirani, kati ya mita 3,500 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mpanda Kilimanjaro akifika kibanda cha Horombo, mita 3,720, kichwa kimeanza kumgonga. Alpaka hapo ndiyo kwanza anajisikia nyumbani. Usiku wa Andes maji huganda, na ndiyo maana sufu yake ina joto. Wafugaji wa Andes walianza kumfuga miaka kama 6,000 iliyopita. Wataalamu walibishana muda mrefu kuhusu babu yake, mpaka vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2001 vilipomwelekezea kidole vikunya, mnyama wa porini mwenye manyoya laini kupindukia.

Ufundi ulifuata. Katika Brooklyn Museum, mjini New York, kuna kitambaa maarufu kutoka kusini mwa Peru, chenye umri wa miaka kama 1,800. Katikati ni pamba iliyofumwa kwenye kitanda. Pembezoni wamejipanga watu na wanyama wadogo wa rangi, kila mmoja mfupi kuliko kidole. Ukiwatazama utaapa wamefumwa kwa sindano mbili. Sivyo. Fundi alitumia sindano moja ya kushonea, akizungusha sufu kitanzi ndani ya kitanzi. Walikaribia mno, ila sindano mbili hawakuwa nazo.

Kwa Wainka, waliotawala Andes kabla ya Wahispania kuingia, nguo ilikuwa zaidi ya vazi. Kitambaa bora kabisa, kilichoitwa kumbi, kilifumwa na mafundi wa dola, wanaume na wanawake, na Wahispania waliokiona walikifananisha na hariri. Ghala za dola zilijaa nguo za kuwagawia askari na wakuu. Majeshi ya Inka yalipolazimika kurudi nyuma, yalizichoma ghala hizo ili adui asizipate. Dhahabu iliwatia wazimu wageni. Wenyeji walijali zaidi nguo.

Wahispania walipoingia mwaka 1532 walileta kondoo, magonjwa na vita. Wafugaji walikufa, makundi ya alpaka yakapukutika, na waliosalia wakasukumwa juu zaidi mlimani. Hasara ilikwenda mpaka kwenye unywele wenyewe. Huko El Yaral, karibu na Moquegua, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta alpaka waliozikwa miaka kama 1,000 iliyopita, wakakaushwa na mchanga wa jangwa. Sufu yao ilikuwa laini na yenye kulingana kuliko ya wengi wa alpaka wa leo.

Wahispania hao hao ndio walioleta sindano za kufumia. Ajabu ni kwamba wageni wakasahaulika na sindano zikabaki. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca, wanaume ndio wanaofuma kwa sindano. Mvulana wa miaka saba au minane hukaa na wakubwa akijifunza kutengeneza kofia yenye masikio. Uzi hupitishwa nyuma ya shingo ili ukazike, sindano ni nyembamba kama spoki za baiskeli, na wenyewe hufuma huku wakitembea. Kofia humtambulisha mtu: iliyo nyekundu yote ni ya aliyeoa, yenye sehemu nyeupe ni ya kijana ambaye bado hajaoa. Husemwa kwamba kofia ya mchumba hujazwa maji kupima ukazaji wa vitanzi vyake, mtihani ambao vijana wengi wa pwani yetu wangeukimbia. UNESCO iliutambua ufundi wa kisiwa hicho mwaka 2005. Kofia zenyewe lakini ni za sufu ya kondoo zaidi kuliko ya alpaka.

Alpaka alisubiri viwanda. Mwaka 1836 Titus Salt, mfanyabiashara wa Bradford, Uingereza, alikuta kwenye ghala moja la Liverpool marobota ya sufu ya alpaka isiyotakiwa. Mwandishi Charles Dickens aliisimulia habari hiyo gazetini mwaka 1852 kwa mbwembwe, kana kwamba Salt ndiye aliyemvumbua alpaka. Alichofanya ni kuunganisha mshindio wa alpaka na mtande wa pamba, akapata kitambaa chepesi chenye mng'aro kilichopendwa na wanawake wenye uwezo. Kwa faida yake alijenga kiwanda, kilichofunguliwa tarehe 20 Septemba 1853, siku aliyotimiza miaka 50, na mji mzima, Saltaire. Mfugaji wa Andes hakujengewa mji.

Baadaye biashara ikahamia Arequipa, kusini mwa Peru, ambako kampuni ya Michell ilianza mwaka 1931. Mpaka leo wanawake huko huchambua sufu kwa vidole, fungu kwa fungu. Daraja linalouzwa kwa jina la "mtoto wa alpaka" halitoki lazima kwa mtoto. Ni kipimo cha ulaini tu, na mnyama mzima mwenye sufu nzuri huingia humo.

Ndiyo sufu inayofika kwa mfumaji wa nyumbani. Skafu rahisi haihitaji mengi: sindano za milimita 5, vitanzi 36, gramu 150 hivi za uzi, mshono ule ule kila mstari mpaka ifike mita moja na nusu. Kazi yenye siri ni ya mwisho. Sufu ya alpaka haina mnyumbuko wa sufu ya kondoo. Ikilowa huwa nzito, hujivuta, na haijirudishi. Akiianika kwenye kamba, jioni atakuta mkanda mrefu mwembamba.

Kwa hiyo huiloweka kwenye maji ya uvuguvugu bila kuisugua, huiinua kwa mikono miwili kama mtoto anayetolewa kwenye beseni, huizungushia taulo na kuikanyaga ili maji yatoke. Kisha huilaza juu ya godoro, huipima kwa rula upana sentimita 20 toka ncha hadi ncha, na kuitega kwa pini zisizoshika kutu. Ikikauka itashika umbo hilo. Kwenye baridi ya Njombe au Limuru hilo huchukua siku mbili, na mwenye kitanda hutafutiwa mkeka.