Injini inapomisi: Namna ya kusaka chanzo nyumbani kwa gharama ndogo

GARI linaloanza kutetemeka likisubiri taa za barabarani, kisha likakosa nguvu linapopanda mlima, humtia mwenyewe katika mashaka. Akilipeleka gereji bila kujua lolote, huenda akabadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu ya petroli, na wiki inayofuata injini ikarejelea mtetemo ule ule huku mfuko ukiwa mtupu.

Kwa mwendeshaji wa teksi au mfanyabiashara anayesomba mboga kwa Probox, hasara haiishii kwenye vipuri. Kila siku ambayo gari linalala gereji ni siku isiyo na mapato, ilhali mkopo wa kulinunua huendelea kudaiwa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya uchunguzi wa hitilafu hii, ambayo mafundi huiita ‘misi’, yaweza kufanywa uani kwa spana chache, tochi, kitambaa, kalamu na daftari.

Silinda ya injini ya petroli huhitaji vitu vinne ili iwake: hewa, petroli, cheche na mgandamizo, vyote kwa wakati ufaao. Kikikosekana kimoja, pistoni ya silinda hiyo huburutwa na zile nyingine badala ya kusaidia kuzungusha injini.

Injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika gari likiwa limesimama huwasha kila silinda mara 375 katika dakika hiyo, kwa kuwa silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Moja ikifa, pengo hutokea takriban mara sita kwa sekunde. Ndiyo sababu mtetemo huo huhisiwa hadi kwenye usukani.

Kabla ya kufungua boneti, itazamwe taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka bila kupepesa, kwa kawaida gari laweza kuendeshwa polepole hadi nyumbani. Ikipepesa, ni heri liegeshwe. Petroli isiyoungua huwa inatiririka hadi kwenye kichujio cha moshi kilichomo katika bomba la ekzosi na kuungulia humo. Kichujio hicho chaweza kuwa chekundu kwa joto na kuharibika kabisa, na bei yake hupita kwa mbali ile ya koili iliyoleta balaa.

Hutibuka lini?

Swali la kwanza halihitaji spana: injini humisi wakati gani? Mwenye gari aandike kwa siku mbili au tatu. Wengi huliruka jambo hili, ilhali ndilo linalookoa fedha nyingi zaidi.

Misi inayojitokeza asubuhi baada ya mvua ya usiku, kisha ikatoweka jua linapopanda, huelekeza kidole kwenye waya za plagi, kifuniko cha distribyuta au koili yenye ufa. Ile inayosikika gari likiwa limesimama na kupungua mafuta yakikanyagwa huashiria hewa inayopenya kupitia mpira uliopasuka. Ikitokea mlimani au gari likiwa na mzigo pekee, cheche ni dhaifu au petroli haifiki ya kutosha.

Injini inayomisi kwa dakika moja tu inapowashwa alfajiri, ikitoa moshi mweupe mzito huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, huenda imeunguza gasketi ya kichwa. Hilo si la kutibiwa uani. Nayo misi iliyoanza muda mfupi baada ya kujaza tangi ina maelezo yake, kama itakavyoonekana hapa chini.

Wapo wanaokimbilia kuchomoa betri ili taa ya injini izime. Taa huzima kweli, lakini kumbukumbu ya hitilafu iliyohifadhiwa katika kompyuta ya injini hufutika pamoja nayo, na mchunguzi hubaki gizani.

Kumsaka mkosaji

Magari mengi yanayotumika nchini huingia yakiwa yametumika Japani, na kanuni za uagizaji huyataka yasizidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo koili na waya zake huwa zimekwisha kupitia joto la miaka kadhaa kabla ya kugusa barabara za Kenya.

Kifaa kidogo cha kusoma hitilafu huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, na chaweza kuazimwa kwa jirani au fundi. Nambari P0300 humaanisha kwamba misi inarukaruka kati ya silinda, nazo P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Kwa injini ya Toyota aina ya 1NZ, iliyomo katika Probox na Fielder nyingi, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa cheni ya taimingi, yaani upande wa dereva. Ieleweke kwamba baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vifaa vya bei ya chini.

Asiye na kifaa ana njia nyingine. Injini huzimwa, soketi ya waya wa nozeli ya silinda moja ikachomolewa, kisha injini huwashwa kwa muda usiozidi nusu dakika. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Kusipotokea badiliko lolote, hiyo ndiyo mvivu. Nozeli isipofikika, soketi ya koili yaweza kuchomolewa badala yake, lakini kwa sekunde chache tu kwa sababu petroli huendelea kumiminika.

Asithubutu mtu kung’oa waya wa plagi kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Umeme unaopita humo hufikia maelfu mengi ya volti, na ni hatari zaidi kwa aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo.

Silinda ikishajulikana, hufuata jaribio lisilogharimu hata senti: kubadilishana. Katika injini ya 1NZ kila plagi ina koili yake, inayoshikwa kwa bolti moja ya spana nambari 10. Koili ya silinda inayoshukiwa huhamishiwa kwenye nyingine iliyo nzima. Misi ikiifuata koili, mkosaji amepatikana, na hununuliwa koili moja wala si nne. Isipohama, koili hurejeshwa na plagi zikabadilishanwa. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayehamisha viwili kwa pamoja hatajua kipi kilileta tofauti.

Kwa Corolla za miaka ya 1990 zenye distribyuta, waya zitiwe alama kabla ya kuchomolewa, kwani mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 na ukivurugwa injini yaweza kukataa kabisa kuwaka. Waya mbovu hujifichua usiku: boneti ikifunguliwa penye giza na waya kunyunyiziwa maji machache kwa chupa ya kupulizia, cheche za buluu huonekana zikirukia chuma. Ni tukio la kutazamwa kwa macho pekee, mikono ikiwa mbali.

Plagi nayo hueleza mengi ikitolewa injini ikiwa imepoa. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi hewa au cheche ni hafifu. Plagi iliyolowa petroli haikupata cheche, nayo iliyojaa oili inasimulia habari za ringi au sili za valvu. Mstari mwembamba mweusi juu ya kauri nyeupe ni njia ambayo umeme hupitia kutorokea pembeni. Plagi ambayo nambari yake huishia kwa 11, kama zile za NGK, huwa na mwanya wa milimita 1.1, na mwanya uliopanuka kwa uchakavu huichosha koili.

Plagi irudishwe kwa kukazwa kwanza kwa vidole. Kichwa cha injini nyingi ni cha aluminiamu, na hesi zikikatika, gharama iliyokuwa ikikwepwa hurudi maradufu.

Oili ikikutwa ndani ya shimo la plagi, tatizo ni gasketi ya kifuniko cha valvu. Kununua koili mpya bila kubadilisha gasketi hiyo ni kuichimbia kaburi koili hiyo pia.

Hewa, petroli na mgandamizo

Mipira ya hewa hukaguliwa kwa kubanwa mmoja mmoja kwa koleo huku mlio wa injini ukisikilizwa. Kipande cha mpira mrefu kikiwekwa sikioni na ncha yake kupitishwa karibu na viungo, mlio wa hewa inayofyonzwa husikika waziwazi. Kunyunyiza petroli kwenye injini iliyo moto, kama wafanyavyo baadhi ya vijana gerejini, ni kucheza na moto kihalisi.

Kuhusu petroli, uchanganyaji wa mafuta ya taa umewahi kuwa donda ndugu nchini, hasa katika dizeli, kiasi cha serikali kuanzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Anayeshuku tangi lake aweza kutoa kiasi kidogo ndani ya chupa ya kioo na kukiacha kitulie: maji hujitenga na kukaa chini. Mafuta ya taa hayajitengi, na jicho haliwezi kuyabaini.

Iwapo koili, plagi, hewa na nozeli zote zimepita mtihani, hubaki mgandamizo. Kipimo chake chaweza kuazimwa. Jijini Nairobi, palipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kipimo husoma chini kuliko Mombasa hata kwa injini ile ile, hivyo linalozingatiwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Silinda iliyo chini hutiwa kijiko cha oili kupitia shimo la plagi na kupimwa upya. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kikibaki pale pale, kasoro iko kwenye valvu au gasketi.

Hapo kazi ya uani hukoma na fundi huitwa, lakini huitwa na mtu mwenye daftari. Maelezo kwamba silinda ya tatu haina mgandamizo, na kwamba koili na plagi zilikwisha kujaribiwa, hufunga mlango wa kubahatisha.

Vipuri navyo vinunuliwe kwa tahadhari. Katika maduka ya Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, koili zilizotumika kutoka Japani huuzwa kando ya mpya, na si ajabu ya zamani ikadumu kuliko mpya ya kuigwa. Mnunuzi abebe koili kuukuu ili nambari zilinganishwe, na aelewane na mwenye duka kuhusu kuirudisha iwapo haitafanya kazi.

Baada ya ukarabati, kumbukumbu ya hitilafu hufutwa na gari kuendeshwa kwa siku kadhaa, mlimani na kwenye foleni, kabla ya kubebeshwa mzigo tena.