Mkasi, Ua na Sheria

Lugha yetu imeweka vitu viwili katika neno moja fupi: ua. Ua ni pambo la mmea, na wingi wake ni maua. Ua ni uwanja wa nyumba uliozungushiwa kizuizi, na wingi wake ni nyua. Mpenzi wa ushairi huifurahia pacha hii, kwani mwenye ua lake hakosi ua la kulitunza. Makala haya yanahusu mmea mmoja uliokuwa wa mlangoni, kisha ukafukuzwa mlangoni, na mkasi uliofuatana nao katika safari hiyo. Mmea wenyewe ni bangi. Msomaji asitaraji mafunzo ya kuipanda wala mawaidha ya kuisifu. Ninalotaka kulionesha ni kwamba namna mmea unavyokatwa na kukunjwa hutueleza sheria ya nchi na hali ya mwenye mmea, pengine kwa uwazi zaidi kuliko nyaraka za serikali.

Tuanze na jina. Neno bangi halikuzaliwa pwani hii. Asili yake ni Kisanskriti, bhanga. Wahindi wakasema bhang, Waajemi wakasema bang, nasi tukalipokea pamoja na kaskazi, vyombo, nguo na viungo. Mtawa wa Kireno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1609 habari za watu wa kusini mwa Afrika waliopanda mmea alioutaja kwa jina la bangue na kula majani yake. Huko Uhabeshi, karibu na Ziwa Tana, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata vichwa vya viko vya udongo vyenye mabaki ya mmea huo, na umri wake ukakadiriwa kuwa wa karne ya 14. Basi mgeni huyu alikwisha kuwa mwenyeji zamani, kabla ya tumbaku kuvuka bahari kutoka Marekani.

Katikati ya mwaka 1857, Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, wakakata nchi ya Uzaramo kuelekea bara. Wakati huo mji wa Dar es Salaam ulikuwa bado haujajengwa. Sayyid Majid alianza kuujenga katika miaka ya 1860. Walipofika Zungomero, katika nchi ya Khutu chini ya milima ya Uluguru, Burton aliuona mmea wa bangi, mkubwa na mzuri, ukiota mbele ya mlango wa kila kibanda. Akaongeza kuwa Waarabu walivuta jani lililokaushwa juani pamoja na tumbaku, na wenyeji bila ya tumbaku, kwa viko vikubwa vya maji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1860.

Maneno yale, mbele ya mlango, yafaa kuzingatiwa. Mlango wa Mswahili ni mahali pa baraza, pa salamu na pa macho ya watu. Mmea unaosimama hapo hauna siri. Maelezo ya Burton ni ya mmea uliojiotea na kurefuka upendavyo, kwa sababu hapakuwa na aliyetaka uwe mfupi. Huo ndio mmea wa kwanza katika hadithi yetu: mmea usio na mkasi.

Mkasi tunaukuta ng'ambo ya bahari, kule lilikotoka neno lenyewe. Mwaka 1893 Waingereza waliokuwa wakiitawala India waliunda tume ya kuchunguza bangi na athari zake. Tume hiyo iliwahoji mashahidi 1,193, na taarifa yake ya mwaka 1894 imejaa habari za kilimo. Katika Naogaon, iliyo Bangladesh ya leo, wakulima walilima kwa leseni ya serikali. Matawi ya chini ya miche yalikatwa ili mmea upande juu. Kisha aliitwa fundi maalumu, aliyejulikana kama tabibu wa ganja. Kazi yake ilikuwa kupita mstari kwa mstari na kung'oa miche dume kabla haijachanua, kwa kuwa bangi ina mche dume na mche jike, na jike asiyepata chavua hutoa ua lisilo na mbegu, ambalo ndilo lililotakiwa sokoni. Fundi huyo alilipwa kwa ustadi wa macho yake. Tume ilikiri kwamba kuzidisha kuna madhara, lakini haikushauri marufuku kamili. Ilishauri leseni na ushuru. Mkasi wa Naogaon, basi, ulikuwa mkasi wa soko na wa hazina ya serikali, na ulifanya kazi mchana.

Ushauri huo haukudumu ulimwenguni. Mwaka 1923 Afrika Kusini iliuomba Ushirika wa Mataifa uihesabu bangi miongoni mwa dawa za hatari, na mwaka 1925, katika mkutano wa Geneva uliohusu afyuni, mjumbe wa Misri, El Guindy, aliishikilia hoja hiyo mpaka mmea ukaingizwa katika mkataba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 ukakaza kamba zaidi. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1995, kisha ikatunga Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Zanzibar nayo ina sheria yake. Kulima ni kosa, na adhabu yake ni kifungo kirefu. Mwezi wa Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa iliuondoa mmea huo katika jedwali kali kuliko yote la mkataba wa 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini kura hiyo haikufuta sheria za nchi yoyote.

Hapo ndipo ulipozaliwa mkasi wa pili. Huko California, kuanzia mwaka 1983, serikali ilituma helikopta kusaka mashamba ya bangi, na baadhi ya wakulima wakaihamishia mimea ndani ya nyumba, chini ya taa. Dari ni fupi na mmea ni mrefu. Ikabidi kilele kikatwe, matawi yakunjwe na kufungwa kwa kamba, mmea utambae kwa upana badala ya kupanda. Elimu yenyewe si ngeni. Mwaka 1933 Thimann na Skoog walionesha, kwa kutumia miche ya maharagwe, kwamba kilele hutoa homoni inayoshuka na kuvizuia vichipukizi vya chini. Kikiondolewa kilele, vya chini huamka. Jipya lilikuwa kusudi. Mkasi wa kuzidisha mavuno ukawa pia mkasi wa kuficha.

Turejee sasa Mrima, pembezoni mwa Dar es Salaam. Zamani nyua nyingi za upande wa Temeke na Kinondoni zilizungushiwa minyaa na michongoma, na kizuizi cha namna hiyo chenyewe ni mmea wa kupogolewa: kila anayekata minyaa huyalinda macho yake na utomvu. Leo, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Tandale na Bunju, matofali ya saruji yamechukua nafasi ya mimea, na jiji lina watu zaidi ya milioni 5. Nyuma ya ukuta huo, mmea ulioharamishwa hauwezi kusimama kama ulivyosimama Zungomero. Anayethubutu kuupanda atalazimika kuufupisha usichungulie juu ya tofali. Na mtu anayejificha hana wa kumwonya wala wa kumfundisha: hana mzee wa kumwambia kiasi ni kipi, wala jirani wa kumwambia kwamba kijana wake ameanza kuharibikiwa.

Hasara hii haitajwi mara nyingi. Sheria iliuondoa mmea mlangoni kwa nia ya kuwalinda watu, na madhara yake kwa vijana si hadithi za kutungwa. Lakini pamoja na mmea yaliondoka mazungumzo. Neno lenye safari ndefu kutoka Kisanskriti limebaki kuwa tusi: fulani mvuta bangi, basi yamekwisha. Lugha inayobakiwa na tusi peke yake haiwezi kumtibu mgonjwa wala kumwelekeza mtoto.

Elimu ya mkono, hata hivyo, haikutoweka, maana haikuwa mali ya mmea mmoja. Mama wa Yombo anayechuma ncha za matembele kwa ajili ya mboga ya jioni anakata kilele ili vichipukizi vya ubavuni viamke. Anayepogoa asumini baada ya kuchanua anaandaa maua ya vikuba vya msimu ujao. Wahenga waliposema samaki mkunje angali mbichi, walisema juu ya mtoto, ila kila mkulima wa uani anajua kuwa tawi nalo ni hivyo hivyo. Na sharti la kukunja kilicho kibichi ni kwamba kiwe mbele ya macho.