Fedha za Kahawa Zilikwenda Wapi?

Juma lililopita nilipita Kariakoo jioni, taa za maduka ya Mtaa wa Msimbazi zikiwaka. Sehemu ya umeme wetu hutokana na gesi ya Songo Songo, kule Kilwa. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, ikafika Ubungo mwaka 2004. Miaka 30 tuliisubiri. Nikajiuliza, je, mapato ya gesi tutayatunza vipi? Jibu nikalikumbuka hapo hapo Kariakoo.

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil. Bei ya kahawa duniani ikapanda, na mwaka 1977 ikafikia kiwango kisichopata kuonekana kabla. Sisi wenye kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba tukapata neema tusiyoitolea jasho. Benki Kuu ikawa na fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1978 masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yakalegezwa. Nilikuwa mtoto wa shule. Namkumbuka mama akinishika mkono Kariakoo, maduka yamesheheni, naye akichagua kitambaa anachokitaka.

Hadi mwaka ule unakwisha, akiba nayo ilikuwa imekwisha. Bei ya kahawa ilikwishashuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwishavunjika, na mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yakatuvamia. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapaa. Vita tulishinda, lakini tulipigana mfuko ukiwa mtupu. Miaka michache baadaye nilitumwa Kariakoo ile ile, nikapanga foleni tangu alfajiri kungojea mche wa sabuni.

Wako wasemao kuwa vita ndivyo vilivyotumaliza. Ni kweli vilitugharimu sana. Lakini akiba huwekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Kosa halikuwa kununua. Kosa lilikuwa kuidhania bahati ya mwaka mmoja kuwa ni mshahara wa kila mwaka.

Gesi inataka uangalifu zaidi. Mbuni ukichumwa mwaka huu, mwakani utazaa tena. Gesi ikishatoka ardhini haizai. Anayeiuza anauza shamba, si mavuno. Norway ililitambua hilo, ikatunga sheria ya mfuko wa akiba mwaka 1990 na kuweka fedha za kwanza mwaka 1996. Nasi mwaka 2015 Bunge letu lilipitisha sheria ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi: yakizidi asilimia 3 ya pato la taifa, ziada iwekwe akiba.

Sheria ni nzuri, ila haijilindi yenyewe. Neema ikija, kila mmoja atakuwa na haja yake ya haraka, Serikali, wabunge, hata mimi. Basi kila bajeti inaposomwa tuulize: mwaka huu tumeweka kiasi gani?

Mwaka 1978, pale Kariakoo, sikumsikia mtu akiuliza. Maduka yalikuwa yamejaa.