Zagayu katika Hesabu ya Eneo la Tanzania

Eneo la Tanzania leo huandikwa kuwa kilomita za mraba 947,303, maziwa yakiwemo. Vitabu vingi vya jiografia vya zamani vinataja 945,087. Ongezeko hilo halikuletwa na vita wala mkataba. Nchi kavu imebaki karibu palepale, kiasi cha 886,000, ila hesabu ya maji ndiyo iliyopanda, kutoka 59,050 hadi takriban 61,500. Ukubwa wa nchi hutegemea mstari wa mpaka ulipochorwa, chombo kilichotumika kupimia, na kama maji yamehesabiwa. Historia ya kata ya Zagayu, wilayani Itilima mkoani Simiyu, inaonyesha hivyo vizuri: ardhi yake haikusogea hata kidogo, lakini imehesabiwa ndani ya maeneo mengi tofauti.

Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alipita Usukuma, nchi ambamo Zagayu imo, na kuutaja mto Simiyu kuwa chanzo cha Nile kilicho mbali zaidi kusini. Katika mikataba ya 1886 na 1890, Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria, nchi ambayo wachoraji wake hawakuwa wameipima. Ramani za Kijerumani za kipimo cha 1:300,000, zilizotayarishwa na Sprigade na Moisel, zilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya kumbukumbu za misafara: dira ilitoa uelekeo, saa za kutembea zikatoa umbali. Kwa vipimo vya namna hiyo koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikadiriwa kuwa na kilomita za mraba zipatazo 995,000. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda na Burundi, zilizokuwa sehemu ya koloni hilo, zilikwenda kwa Ubelgiji, na pembetatu ya Kionga, kusini mwa Ruvuma, ikaingia Msumbiji ya Wareno. Nchi iliyobaki ikaitwa Tanganyika.

Upimaji wa kina ulikuja chini ya Waingereza. Kati ya 1931 na 1933 Martin Hotine aliongoza upimaji wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika, kufuata meridiani ya 30. Vilele vya milima viliwekewa alama, pembe kati yake zikasomwa kwa theodolaiti, na urefu wa upande mmoja uliopimwa ardhini ukatosha kukokotoa pande nyingine zote. Mwaka 1946 Hotine huyohuyo akawa mkuu wa idara ya London iliyopima makoloni, na picha za ndege zikaanza kugeuzwa kuwa ramani za 1:50,000. Mwishoni mwa utawala wa Waingereza Tanganyika iliandikwa kuwa na maili za mraba 362,688, karibu 20,000 zikiwa maji. Muungano wa 1964 ukaongeza Unguja na Pemba, maili za mraba 1,020.

Ramani hizo za 1:50,000 zilitumia mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, ilhali setilaiti zinatumia mfumo wa WGS84. Mahali pamoja, kwa mifumo hii miwili, huweza kutofautiana kwa karibu mita 300 kwenye ramani. Kwa hesabu ya nchi nzima jambo hili ni dogo. Kwa vijiji vya Simiyu vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa 1962 na ambalo mipaka yake imewahi kusogezwa, mita 300 ni mashamba na malisho ya watu.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikitoka Shinyanga, na Busega ikimegwa kutoka Magu, Mwanza. Itilima ikatengwa na Bariadi, Zagayu ikiwa ndani yake.

Shambani, hata hivyo, kipimo ni ekari, na ekari ya wakulima ni hatua 70 kwa 70. Hesabu hii ina mantiki: hatua ndefu ya mtu mzima hukaribia yadi moja, na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, wakati ekari kamili ni 4,840. Kosa huingia pale hatua zinapogeuzwa kuwa mita bila kubadili tarakimu. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na ekari halisi ni 4,047 tu. Muuzaji hupoteza zaidi ya mita 850 za mraba kwa kila ekari. Kwa mkulima wa pamba hilo si pengo dogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliruhusu vijiji kupata cheti cha ardhi na wanakijiji kupata hatimiliki za kimila, mipaka ikithibitishwa mbele ya majirani. Anayeuza au kununua shamba pasipo hati hiyo aulize kwanza, kabla ya fedha kutolewa, kama sabini inayotajwa ni ya hatua au ya mita.