Uzunguni, Uhindini na Uswahilini: Asili ya Majina Matatu ya Mitaa

Majina haya matatu hutumika leo kana kwamba yalizaliwa na mazoea ya wenyeji tu, lakini chanzo chake ni sheria za ujenzi. Mwaka wa 1891 Wajerumani waliyahamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na mwaka uo huo wakatoa amri iliyougawa mji. Upande wa mashariki, kando ya bahari, ziliruhusiwa nyumba za namna ya Kizungu peke yake. Vibanda vya miti, udongo na makuti vilitakiwa vikae nyuma. Amri hiyo haikuwa na haja ya kumtaja mtu kwa rangi yake. Ilitosha kutaja ukuta na paa, maana ilijulikana ni nani awezaye kujenga kwa mawe na chokaa.

Katika Marekani ya zama zizo hizo mambo yalisemwa waziwazi zaidi. Mwaka wa 1896 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwatenga weusi na weupe hakuvunji katiba, na mwaka wa 1910 mji wa Baltimore ukapitisha sheria ya kumkataza mtu mweusi kuhamia sehemu ya mtaa iliyokaliwa na weupe wengi, na mweupe vivyo hivyo kwa weusi. Kwa kuwa rangi ilitajwa, sheria ya namna hiyo iliweza kushtakiwa. Ile ya Louisville ilibatilishwa mwaka wa 1917. Utengano wenyewe haukukoma, ila ulitafuta njia nyingine. Amri inayozungumza habari za makuti ni ngumu zaidi kuishtaki.

Waingereza waliufuata mtindo huo wa Wajerumani, tena kwa sababu iliyo wazi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na raia wa nchi wanachama walistahili kutendewa sawa. India nayo ilikuwa mwanachama. Basi kanuni za miaka ya 1920 ziliigawa Dar es Salaam sehemu tatu kwa aina ya majengo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Kariakoo na mtaa wa Wahindi. Wenyeji hawakudanganyika. Serikali iliandika aina za nyumba. Wao waliiita kila sehemu kwa watu wake.

Bara, mtindo huo ulifuata reli na madini. Mwanza, Wazungu walikaa Capri Point, ziwani. Mwadui, karibu na Shinyanga, ambako Williamson aligundua almasi mwaka wa 1940, mji mzima ulizungushiwa ua, na ndani yake makao yakapangwa kwa rangi za watu. Kule hapakuhitajika hata kisingizio cha makuti, kwa kuwa mwenye mgodi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba zote.

Baada ya uhuru Uzunguni ilikaliwa na wakubwa Waafrika, na jina likabaki. Uswahilini nayo ikawa na maana ya mtaa wowote wa watu wa hali ya chini, uliosongamana, usiopimwa. Jambo hili lastahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha: jina linalotokana na Mswahili, ambaye pia ndiye aliyekipa Kiswahili jina lake, limekuwa neno la kudharau makazi.

Ugumu wa neno hilo huonekana katika miji isiyopitiwa na kanuni zile. Runzewe, katika wilaya ya Bukombe, ilikua kwa biashara ya barabara itokayo Kahama kuelekea Rwanda na Burundi, na kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo. Hapakupimwa mtaa wa Wazungu hapo, wala uwanja wa kuwatenga watu. Mgeni kutoka Dar es Salaam akiiona nyumba ya matofali ya udongo imeegemeana na duka la ghorofa, huenda akasema kwamba Runzewe yote ni Uswahilini. Na hapo atakuwa ameutumia mpaka wa mwaka wa 1891 kuupima mji ambao mpaka huo haukuufikia kamwe.