Kasha la Gemu, Si Kabati

Katika mwongozo mmoja wa useremala nimekuta mashine ya gemu, ile ya kusimama yenye kioo, wenzo na vitufe, ikiitwa "kabati la ushoroba". Jina hili halifai. Aliyeliunda alitafsiri kila neno la Kiingereza *arcade cabinet* peke yake, kisha akamwachia msomaji kazi ya kuyaunganisha.

Ushoroba huo ni tafsiri ya *arcade*, neno ambalo chimbuko lake ni Kilatini, *arcus*, yaani upinde. Waitaliano wakapata *arcata*, Wafaransa *arcade*: njia yenye matao na maduka pembeni. Baadaye jina likahamia kwenye kumbi za mashine za sarafu, kisha kwenye mashine zenyewe. Sisi hatukupitia huko, basi ushoroba wa nini? Hata gemu ya Pong ya kampuni ya Atari, mwaka 1972, ilijaribiwa kwanza katika baa moja ya California, si chini ya matao.

Kabati nalo lina milango na rafu. Hufunguliwa ili kitu kitolewe. Vilivyomo katika mashine hii havitolewi, hufanya kazi humo humo.

Neno ni kasha. Tulilitwaa kwa Wareno, *caixa*, nasi tukalilea mpaka likawa letu. Zanzibar na Lamu, kasha ni sanduku la mbao lenye nakshi za shaba. Bandarini, makasha ni yale ya chuma yanayoshushwa melini. Mbao zimegeuka chuma, maana imebaki: chombo kigumu kinachobeba na kulinda. Nililipendekeza katika kikao kimoja cha istilahi, nikajibiwa kwamba ni neno la kizee. Naikataa hoja hiyo hadi leo. Neno linaloandikwa katika hati za bandari halijazeeka, na wanaokaa kuamua maneno ya watu wanapaswa kwanza kuwasikiliza wanaoyatumia. Mwingine alitaka "mashine ya sarafu", ilhali mitaani kwetu hiyo ni kamari.

Tena kasha huzaa maneno mengine. Kiswahili hukipa chombo viungo vya mwili, ndiyo maana meza ina miguu na chupa ina shingo. Basi kasha litakuwa na mbavu mbili za pembeni, na juu paji lenye jina la gemu linalowaka.

Kwa matumizi, fundi anayejitengenezea nyumbani aseme: "Nimekata mbavu za kasha kwa ubao wa MDF wa milimita 18, nimetoboa matundu ya vitufe ya milimita 30, na ndani nimeweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye MAME, programu ya kuendesha gemu za mashine hizi." Wingi: makasha ya gemu.